Kupima Tope Likiwa Mwendoni



Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia kusafirisha nje ya nchi makinikia, yaani mchanga wa madini uliokwisha kuchenjuliwa kiasi, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Mei mwaka huohuo, kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilieleza kwamba makinikia hayo yalikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani. Nyaraka za kampuni iliyoyazalisha, Acacia, zilionyesha takriban gramu 200. Kwa hesabu ya kwanza, kontena la tani 20 lina kilo 28 za dhahabu; kwa hesabu ya pili lina kilo 4. Habari hiyo ilizungumzwa vijiweni, bungeni na kwenye daladala, na watu ambao hawajawahi kuona mgodi walijifunza neno la kitaalamu na wakalitumia ipasavyo.

Sikuja kuamua nani alikuwa sahihi. Mgogoro ule ulimalizwa mezani, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Lakini mimi kama mwalimu wa uchenjuaji, kuna jambo lililonikaa moyoni tangu wakati ule. Mjadala ulikuwa juu ya maabara, juu ya mashine na juu ya uaminifu wa watu. Swali la kabla ya hayo yote, yaani sampuli ilichotwaje, nililisikia mara chache mno. Na dai langu jioni hii ni kwamba mahali pa kuijua thamani ya madini yetu ni ndani ya mtambo, wakati tope, yaani mawe ya madini yaliyosagwa na kuchanganywa na maji, bado linatiririka. Yakishalala kontenani, tumechelewa.

Mfanyabiashara wa mahindi anayeijua kazi yake hanunui gunia kwa kutazama mdomo wake. Huchoma bambo ubavuni, katikati na chini, akamimina punje kiganjani na kuzitazama. Hata hivyo bambo huchota pale tu linapofika. Punje ambayo bambo haliwezi kuifikia haimo katika hesabu, na kununua mabambo kumi hakubadilishi jambo hilo.

Aliyeliweka wazo hili katika hesabu kamili ni Mfaransa Pierre Gy, na wazo lenyewe lilimjia Afrika. Katika miaka ya 1940 alikuwa mhandisi kijana katika mgodi wa risasi wa M'Fouati, ambao leo uko Jamhuri ya Kongo, upande wa Brazzaville. Wakuu wake walitaka kujua rundo kubwa la mbale hafifu lililokuwa pale lina kiasi gani cha madini. Achukue mawe mangapi? Ya ukubwa gani? Kutoka wapi? Alipotafuta jibu vitabuni hakuridhika, na akatumia maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 2015, kulijenga mwenyewe.

Jibu lake lina nguzo mbili. Ya kwanza: sampuli ni halali iwapo kila chembe iliyomo katika mzigo ina nafasi sawa na nyingine ya kuchotwa. Rundo lililotulia karibu haliruhusu hilo, kwa sababu hakuna anayefika katikati yake bila kulibomoa lote. Mkondo unaotiririka unaruhusu, kwa sababu kila chembe italazimika kupita mbele yako. Ya pili ni ukubwa wa chembe. Mraba wa kosa la sampuli hukua kwa mchemraba wa kipenyo cha chembe kubwa: kipenyo kikiongezeka mara mbili, unahitaji sampuli nzito mara nane ili uiamini kama mwanzo. Sasa igeuzeni. Ukisaga mbale kutoka milimita 10 hadi sehemu ya kumi ya milimita, kwa hesabu ya ukubwa peke yake, uzito unaohitajika hushuka mara milioni moja. Hii ndiyo zawadi ambayo kinu hutupa bila kuombwa. Mbale iliyokwisha kusagwa, ikachanganywa na maji na kusukumwa ndani ya bomba, ndiyo hali nzuri kuliko zote ambayo madini yatawahi kuwa nayo kwa ajili ya kupimwa.

Twende basi mtamboni. Tope linatoka kinuni na kuingia kwenye seli za kuelea. Humo hewa hupulizwa chini, kemikali kama zantheti huzifanya chembe za salfaidi ziyakwepe maji na kung'ang'ania mapovu, povu lenye shaba na dhahabu hufurika juu, na kinachobaki huelekea bwawa la topesumu. Safari yote ndani ya safu ya seli huchukua dakika chache, pengine nusu saa. Sampuli ya zamu nayo ina safari yake: huchujwa, hukaushwa kwenye oveni, hugawanywa, huyeyushwa kwa asidi, husomwa. Majibu hurudi baada ya saa kadhaa, mara nyingine kesho yake. Msimamizi anapoambiwa kwamba saa nne asubuhi shaba ilikuwa inakimbilia kwenye topesumu, tope lile limeshalala bwawani.

Chukueni mtambo unaosaga tani 10,000 kwa siku, mbale ikiwa na shaba asilimia 3. Tani 300 za shaba zinapita kila siku. Ukipoteza asilimia 1 ya shaba hiyo kwa kuchelewa kurekebisha hewa au dawa, umepoteza tani 3 kwa siku, zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka. Hakuna aliyeiba chochote. Ni kwamba hakuna aliyejua kwa wakati.

Tatizo hili ndilo lililowasukuma Wafini wa kampuni ya Outokumpu, katika miaka ya 1960, kuvuta vijito vya tope kutoka mabombani na kuvipitisha mbele ya kipimo cha eksirei mfululizo, mchana na usiku. Waaustralia walishika njia nyingine: walikizamisha kipimo chenyewe ndani ya tope, pamoja na chanzo kidogo cha mionzi. Njia zote mbili zinaendelea hadi leo. Vyanzo vya mionzi vinahitaji kibali na ukaguzi, na kwetu hiyo ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Tyubu ya eksirei ina faida kwamba ukiizima, imezimika.

Fizikia ya vipimo hivi ni ya mwaka 1913. Henry Moseley, Mwingereza, alionyesha kwamba kila elementi ikichochewa hutoa eksirei yake yenyewe, na kwamba nishati ya eksirei hiyo hupanda kwa mpangilio kufuata namba ya atomiki. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli akiwa na umri wa miaka 27. Chuma hutoa eksirei ya kiloelektronivolti 6.40, shaba 8.05, zinki 8.64. Kichanganuzi kinachosoma mkondo mmoja kwa nusu dakika au dakika moja na kuhamia mwingine kinaweza kuuzunguka mtambo mzima ndani ya dakika kumi au ishirini.

Wageni wetu hupenda kuoneshwa mashine hiyo. Mimi huwapeleka kwanza kwenye dirisha lake. Ni utando mwembamba wa plastiki, tope likisugua upande mmoja, kitambuzi kikiwa upande wa pili. Karibu eksirei zote za shaba zinazokifikia kitambuzi zimetoka katika safu ya tope isiyofika milimita moja nyuma ya utando huo. Mtambo wetu wa mfano unasukuma tani karibu 1,400 za tope kwa saa, na hukumu yote inatolewa kwa safu hiyo. Chokaa tunayoitia ili kupandisha pH hujijenga juu ya utando kama ukoko mweupe, na ukoko ukiongezeka, shaba kwenye skrini inashuka wakati bombani haijashuka. Mapovu yakiingia, inashuka. Maji yakizidi, inashuka. Fundi asiyeosha dirisha kwa ratiba anamdanganya mhandisi bila kukusudia, na mhandisi atamwaga dawa ya bure kwenye seli zisizo na kosa.

Lakini hata dirisha safi halisaidii ikiwa kilicholifikia si tope lenyewe. Kosa ninaloliona zaidi ni mrija uliochomekwa ubavuni mwa bomba la mlalo. Ni rahisi, ni nafuu, na unatoa namba. Chembe nzito hupita sehemu ya chini ndani ya bomba hilo: dhahabu ina uzito mara zaidi ya saba ya kwatzi ya ujazo uleule, nayo haina haja ya kupanda hadi kwenye tundu lako. Kinasa sampuli halali hukata mkondo wote, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mwendo usiobadilika. Gy alitoa vipimo vyake: mwanya wa kikataji usipungue mara tatu ya chembe kubwa, wala usiwe chini ya milimita 10, na kasi yake isizidi mita 0.6 kwa sekunde, la sivyo chembe hugonga ukingo na kurukia nje. Vipimo hivi vinaangaliwa kwa rula na saa ya mkononi. Sijui kwa nini tunavipuuza huku tukibishana kuhusu programu ya kompyuta.

Tuseme pia yale ambayo mashine haiyaoni, kwa sababu wauzaji hawayasemi kwa sauti. Dhahabu katika tope linaloingia, gramu 5 kwa tani, ni ndogo mno kwa vichanganuzi vingi vya aina hii, na eksirei yake kuu, 9.71, inakaa jirani na ile ndogo ya zinki, 9.57. Kwenye mitambo ya shaba na dhahabu tunafuatilia shaba na chuma kama viashiria, na dhahabu inabaki kazi ya maabara. Aseniki na risasi zinaangukia karibu mahali pamoja kabisa. Lithiamu haionekani kwa eksirei hata kidogo. Hiyo inahitaji leza.

Gumu zaidi ni lile la Kolwezi, katika Kongo ya Kinshasa, ambako wahandisi na mafundi huzungumza Kiswahili juu ya shaba kila siku. Mbale za kule huchanganya malakaiti na kalkosaiti. Malakaiti kwa kawaida huvishwa kwanza salfaidi kwa kemikali ndipo ielee vizuri; kalkosaiti, ambayo yenyewe ni salfaidi, haihitaji. Kichanganuzi kinaona shaba, hakioni ni madini gani yameibeba. Shaba ikipanda kwenye topesumu, namba ni moja na sababu ni mbili, na dawa ya sababu moja ni pesa iliyotupwa kwa nyingine. Hapo anahitajika mtu aliyepita mgodini asubuhi na kujua mbale ya leo imetoka upande gani.

Kichanganuzi, kwa kweli, hakijui asilimia. Kinahesabu fotoni. Asilimia tunakipa sisi, kwa kuchota tope lilelile lililopita mbele ya dirisha dakika ileile, kulipeleka maabara, na kuoanisha majibu na hesabu ya fotoni, mara nyingi, katika siku za mbale nzuri na za mbale mbaya. Mgodi ukihamia mwamba mwingine, kazi inaanza upya. Ndiyo maana wasiwasi wangu hauko kwenye ununuzi wa mashine, bali kwa watakaozilea. Tanzania iliunda wakala wa ukaguzi wa madini, TMAA, mwaka 2009, na baada ya mageuzi ya 2017 kazi hiyo iko Tume ya Madini. Ningependa mkaguzi wa Tume afikapo mtamboni aombe vitu viwili kabla ya kuomba ripoti ya uzalishaji: mchoro wa kila kinasa sampuli, na daftari la usawazishaji wa kichanganuzi lenye tarehe na sahihi. Kampuni yenye nia njema itavitoa siku hiyohiyo, nayo italindwa navyo siku ikitiliwa shaka.

Nasi chuoni tuna sehemu yetu. Wanafunzi wetu wanaandika fomula ya Gy kwenye mtihani na kuhitimu bila kuwahi kukata mkondo wa tope kwa mikono yao. Michoro ya bomba dogo la mzunguko la mafunzo iko tayari. Kinachotakiwa ni nafasi nyuma ya karakana, pampu moja inayostahimili mchanga, na idara mbili, ya uchenjuaji na ya fizikia, zitakazokubali kutumia ratiba moja.