Lugha Hufuatwa kwa Wenyewe

Mazungumzo kwa wazazi na vijana wa Mwingi juu ya safari za kujifunza lugha



Katika nchi za Ulaya ni desturi ya shule nyingi kuwapeleka wanafunzi wao katika nchi nyingine, ili wajifunze lugha ya nchi hiyo pale pale inaposemwa. Mtoto wa Kiingereza au wa Kijerumani aliyesoma Kifaransa darasani kwa miaka miwili au mitatu husafirishwa pamoja na wenzake na mwalimu wao hadi kusini ya Ufaransa, katika miji kama Montpellier, Nice au Aix-en-Provence. Asubuhi hukaa darasani. Alasiri hupelekwa sokoni, akaambiwa anunue matunda na mkate kwa maneno yake mwenyewe. Jioni hula na kulala katika nyumba ya watu wa mji ule, ambao pengine hawajui hata neno moja la lugha yake. Juma moja au mawili yakiisha, hurudi kwao.

Mzazi wa Mwingi akisikia habari hizi aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa mbali. Mtu anayengoja mvua za Novemba ili apande ndengu, na huku anahesabu karo ya watoto watatu, hana nafasi ya kufikiri habari za Ufaransa. Maneno yake ni ya haki. Lakini jambo lenyewe, yaani kufunga safari na kuifuata lugha kwa wenyewe, si geni hata kidogo katika nchi ya Ukambani. Wazee wa Kitui walilijua kabla ya kujengwa shule hata moja katika nchi yao.

Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanya biashara mashuhuri sana kati ya bara na pwani. Misafara yao ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, ushanga, chumvi na waya wa shaba. Safari ile ilipita katika nyika kavu, na hatari zake zilikuwa nyingi. Tena, aliyefika pwani bila lugha alikuwa kama kipofu sokoni, maana bei aliambiwa na mtu mwingine, na mizani ilisomwa na mtu mwingine. Kwa hiyo walijifunza. Hapakuwa na kitabu wala ubao. Mwalimu wao alikuwa mahitaji, na mtihani wao ulikuwa hasara au faida.

Wala safari za lugha hazikuwa za upande mmoja tu. Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, jina lake Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe na mtoto wake mchanga walikufa kwa homa, naye akabaki peke yake katika nchi ngeni. Hata hivyo hakurudi kwao. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Mombasa, na Kadhi wa mji akamsaidia katika kazi ya kufasiri. Mwaka 1846 alihamia Rabai, akajifunza lugha ya watu wa huko, na kwa Wakamba waliokaa karibu na Rabai akaanza kujifunza Kikamba.

Lakini Krapf hakuridhika na Kikamba cha Rabai. Mwezi wa Novemba 1849 alifunga safari ya miguu hadi Kitui, kwa Kivoi wa Mwendwa, mkuu wa misafara, aliyejulikana tangu pwani hadi ng'ambo ya mto Tana. Hapo mgeni alikaa kama mwanafunzi, akisikiliza na kuuliza. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona mlima ule kwa macho yake kutoka Kitui. Akaandika jina kama alivyolisikia katika kinywa cha Kivoi, naye ni jina ambalo Wakamba hulitamka Kiinyaa. Mabingwa kadhaa wa jiografia huko Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, maana wao walisoma vitabu tu, hawakuuliza wenyeji. Leo jina hilo ni jina la Jamhuri nzima, na katika safari ya kuja kwake vitabuni lilipita Kitui.

Safari ile ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1851 Krapf alirudi tena kwa Kivoi, wakaondoka pamoja kwenda upande wa Tana. Njiani msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia porini peke yake, akiteswa na kiu hata akachukua maji katika mtutu wa bunduki. Aliokoka, akafika Rabai. Kazi yake ya lugha ilidumu. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa Ujerumani, na mwaka ule ule Injili ya Marko katika Kikamba. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, miezi michache baada ya kufa kwake. Hiyo yote ni mali iliyopatikana katika nyumba za watu, kwa kuuliza na kusahihishwa.

Sasa turudie habari za kusini ya Ufaransa, maana huko kuna fundisho jingine ambalo wageni wengi hawalioni. Watu hudhani kwamba Ufaransa nzima tangu zamani ilisema Kifaransa. Si hivyo. Kusini ya nchi ile ilikuwa na lugha yake, iitwayo Kioksitani, na tawi lake moja ni Kiprovansi. Ilikuwa lugha ya washairi miaka mingi kabla ya shule za serikali. Shule zilipoenea katika karne ya 19, watoto walikatazwa kuisema. Katika shule nyingi mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama yake alipewa kitu cha aibu, pengine kipande cha ubao cha kuvaa shingoni, naye alikuwa na ruhusa ya kumpa mwenzake atakayemsikia akikosa vile vile. Aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa.

Hapana haja ya kumweleza mzee wa Mwingi jambo hilo kwa maneno mengi. Wengi waliosoma katika shule za Kenya walikivaa kibao cha namna hiyo kwa sababu ya neno moja la Kikamba lililowatoka wakati wa mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyefariki mwaka 2025, aliandika habari za adhabu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Nchi mbili, bahari kati yao, na kibao ni kile kile. Na matunda yake yalikuwa yale yale: mtoto hujifunza kumwinda mwenzake, na kuionea haya sauti ya nyumbani kwao.

Kusini ile ile alizaliwa mwaka 1830 Frédéric Mistral, katika kijiji cha Maillane. Alijua Kifaransa vizuri, lakini mashairi yake aliyatunga katika Kiprovansi, na kwa miaka mingi alikusanya maneno ya wakulima, wavuvi na wachungaji, akayatia katika kamusi kubwa. Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi pamoja na mwandishi mmoja wa Hispania. Fedha zake alizitumia kwa makumbusho ya mila za watu wake katika mji wa Arles. Ulimwengu ulimheshimu kwa lugha ile ile iliyowapatia watoto wa shule adhabu. Hata serikali ya Ufaransa ilikuja kulegea, na sheria ya mwaka 1951 iliruhusu lugha hiyo na nyingine chache kufundishwa shuleni.

Basi mzazi asidhani kwamba mtoto akitaka kushika lugha ya mbali ni lazima aitupe ya karibu. Kwa Kifaransa, kinyume chake ndicho kweli. Kiswahili kina vokali tano, lakini Kikamba kina saba. Wafaransa hutofautisha sauti mbili za «e», moja nyembamba na moja pana, na Mswahili wa pwani husumbuka nazo. Mtoto wa Mwingi anazo mdomoni tangu kuzaliwa, maana ndizo zinazotenga ĩ na e katika Kikamba. Tena huchekwa na watu kwamba hana «h» katika lugha yake. Lakini Wafaransa nao huiandika «h» wasiitamke. Na watu wa kusini ya Ufaransa hupenda kutamka vokali ya mwisho wa neno ambayo watu wa Paris huimeza, jambo ambalo sikio la mtu wa Afrika Mashariki hulipokea kwa furaha. Yako magumu pia, kama «r» yao ya kooni, na «u» ambayo hutamkwa kwa kuchonga mdomo. Lakini mtoto aliyeijua vizuri sauti ya kwao ana mtaji wa kuanzia.

Limebaki swali la fedha, na ndilo linalomkosesha mzazi usingizi. Je, ni haki kuuza ng'ombe ili mtoto akakae wiki mbili Ufaransa? Jibu la ukweli ni kwamba wengi hawana haja ya kufanya hivyo. Mtoto anayesoma Kifaransa aweza kuanza Nairobi, yapata kilometa 170 kutoka Mwingi, ambako chama cha Alliance Française kimekuwako tangu mwaka 1949. Akitaka kuisikia lugha katika maisha ya watu, Kifaransa kinasemwa Bujumbura, Bukavu na Goma, na mji wa Moroni katika visiwa vya Komoro, ingawa ni lazima mzazi apate kwanza habari za usalama, kwa maana mashariki ya Kongo pamepatwa na vita vingi. Huko Kongo mnunuzi atasikia hesabu nyepesi kuliko ya Ufaransa: Mfaransa akitaka kusema sabini husema «sitini na kumi», na tisini na tisa ni «ishirini nne na kumi na tisa», lakini Mkongo ana neno moja moja la sabini na la tisini, alilolirithi kwa Wabelgiji.

Na kwa kijana ambaye haja yake ni Kiswahili safi, safari ni fupi zaidi. Kutoka Kitui barabara ya lami hushuka hadi Kibwezi, na kutoka hapo ni njia kuu ya Mombasa. Likizo moja katika nyumba ya jamaa au rafiki huko Mombasa, Lamu au Unguja, kwa mtoto aliye tayari kusikiliza, itamfaa kuliko vitabu vingi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu, na tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imekifanya kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo inaiagiza serikali kuzilinda lugha za wenyeji.

Iwe safari ni ya Marseille au ya Malindi, sharti zake ni zile zile, na anayezivunja hupoteza nauli.

Kwanza, asikae na watu wa kwao tu. Safari nyingi za shule huharibika hapo: wanafunzi thelathini huenda pamoja, hula pamoja, na kuongea lugha yao mchana kutwa, kisha hurudi na picha tu.

Pili, akae katika nyumba ya familia, akaone jinsi watu wanavyoamkiana, wanavyokaribisha, wanavyokataa kwa adabu. Mambo hayo hayamo katika kamusi.

Tatu, asiogope kukosea. Kuuliza si ujinga, na mtoto mdogo anayechekwa sokoni hujifunza upesi kuliko mtu mzima anayelinda heshima yake.

Nne, awe na daftari dogo, aandike kila neno jipya kama alivyolisikia, pamoja na mahali alipolisikia. Ndivyo alivyofanya Krapf, na jina la mlima likahifadhiwa.

Tano, akirudi nyumbani asije akajifanya mgeni. Amsimulie bibi yake kwa Kikamba yale aliyoyaona. Akishindwa kuyasema kwa lugha ya bibi yake, ajue kwamba safari yake ilimpunguzia badala ya kumwongezea. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kivoi wa Mwendwa hakuhudhuria shule ya mtu yeyote, lakini mgeni aliyetoka mbali alikaa chini akaandika maneno yake. Hiyo ni heshima ya mtu mwenye lugha. Mzazi wa Mwingi na ampeleke mtoto wake mbali kadiri ya uwezo wake, lakini kabla hajaondoka amfunge mzigo huo kwanza: lugha ya nyumbani, nzima, isiyoonewa haya. Popote atakapofika, nayo ndiyo atakayoulizwa na wenyeji.