Maradhi ya Kukondesha Ayala

Leo nitawaeleza habari za maradhi yaliyo mbali nasi, lakini mafundisho yake ni ya karibu.

Katika Marekani yuko mnyama aitwaye ayala, ambaye umbo lake lafanana na la kulungu wetu, ila pembe za dume zina matawi. Mwaka 1967, katika mazizi ya utafiti huko Fort Collins, Colorado, ayala walionekana wakikonda ijapokuwa chakula kilikuwapo. Masikio yalilegea, udenda uliwatoka, wakapepesuka, hata wakafa. Kwanza watu walidhani ni upungufu wa chakula chema au taabu ya kufungwa. Baadaye Elizabeth Williams, daktari wa wanyama, aliutazama ubongo wao kwa hadubini, akauona umejaa vitundu kama sifongo.

Asili ya maradhi haya si kijidudu chenye uhai. Ni protini ya mwili iliyokunjika vibaya. Nayo ikiigusa protini njema, huikunja vibaya vilevile. Mwaka 1982 Stanley Prusiner aliiita prioni. Wengi hawakusadiki, lakini mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel.

Prioni haiuawi kwa kupikwa, maana haina uhai. Hutoka katika mate, mkojo, kinyesi na mizoga, ikakaa udongoni miaka mingi. Tena mnyama aweza kuwa nayo mwaka mzima na zaidi, naye bado ni mnene na mwenye mbio. Dawa hakuna.

Mwaka 2016 maradhi haya yaligunduliwa Norwei, katika milima ya Nordfjella, kwa ayala wa nchi za theluji. Serikali iliamuru kundi zima liuawe, wazima kwa wagonjwa, ili makundi mengine yapone. Hata kufika mwaka 2018 wanyama zaidi ya 2,000 walikuwa wameuawa. Lakini mwaka 2020 maradhi yakaonekana tena, mahali pengine, Hardangervidda.

Hajathibitika mtu aliyeyapata kwa ayala. Lakini maradhi ya ng'ombe yaliyo ndugu yake yaliwafikia watu katika Uingereza, jambo lililotangazwa mwaka 1996. Kwa hiyo wawindaji wa Marekani hushauriwa wapeleke kichwa cha mnyama kupimwa kabla ya kula nyama yake.

Basi nasi tushike neno hili: unene wa mnyama si ushahidi wa afya yake, wala moto wa jikoni hausafishi kila nyama. Mnyama akifa kwa sababu isiyojulikana, msimle. Mwiteni bwana mifugo. Kinga ni bora kuliko tiba, seuze pale ambapo tiba haipo.