Jumapili si siku ya mji kufa



Sisi wa Butembo, Beni na vijiji vya jirani tunajua sababu nyingi za kufunga duka. Kuna ville morte, yaani mgomo wa kuufanya mji ufe, kama zile za Aprili 2021, watu walipodai usalama. Kuna amri ya serikali: Jumapili tarehe 27 Juni mwaka huohuo, bomu lililipuka katika kanisa katoliki la Emmanuel-Butsili, Beni, kabla ya watoto kupewa kipaimara, meya akafunga makanisa, shule na masoko kwa siku mbili. Na kuna hofu: mkulima anayewakimbia waasi wa ADF huliacha shamba, akakaa ugenini mikono mitupu.

Siku hizo kazi husimama, lakini hakuna anayepumzika.

Siku takatifu ni jambo jingine. Anayeishika angeweza kufanya kazi, ila anaiacha kwa hiari, akikiri kwamba riziki haitoki katika jasho lake peke yake. Tarehe 15 Januari 2023, Jumapili pia, bomu liliua watu zaidi ya kumi kanisani Kasindi wakati wa ubatizo. Wauaji wanajua siku tunayokusanyika. Tukiendelea kwenda, tunakataa wao watupangie kalenda.

Siku zenyewe zinatofautiana. Mwislamu huacha biashara Ijumaa swala inapoadhiniwa, kisha hurudi kutafuta riziki. Mwadventista hushika Jumamosi, na mtoto wake anayesoma shule yenye masomo siku hiyo anastahili kusikilizwa.

Lakini tusiishie kubishania siku ipi. Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi, mnyama na mgeni. Sasa wewe tajiri unayekaa kiti cha mbele kanisani, motari wako, dereva wa pikipiki yako, anakimbizana na abiria kwa sababu jioni unamdai pesa ya siku. Nawe mama, umetoka misa ya kwanza, na msichana wa kazi yuko jikoni tangu alfajiri akiwapikia wageni wako.

Juma hili msamehe motari pesa ya Jumapili. Mwachie msichana naye aende kusali. Ikiwa pumziko lako linamnyima mwingine lake, hujaishika siku ya Mungu. Kazi yako umemtwika maskini tu.