GHALA LETU NA WATU WAKE
(Maneno ya karani wa ghala kwenye mkutano wa wanachama. Yamebandikwa kwa ajili ya wasiofika.)



Nimeambiwa nieleze kazi za watu wa ghala. Nakubali, maana maneno yamezidi huko kilabuni. Ati mtu kaweka kilo 100, karudishiwa 96, vijana wamekula. Naanza na hilo.

Mahindi yana maji. Gunia la kilo 100 likiingia na unyevu wa asilimia 16, likakauka mpaka 13, linabaki kilo 96 na nusu hivi. Hizo nyingine zimekwenda na hewa. Lakini sifichi: karani mwizi naye hujificha papo hapo, nyuma ya neno "yamekauka". Ndiyo maana naomba unyevu uandikwe kwenye stakabadhi pamoja na uzito, siku ile ile, mwenye mali akiona.

Mtaniuliza, mbona ya 16 yalipokelewa wakati kipimo kinachotakiwa hakizidi 13 na nusu? Kosa ni langu. Mwaka jana, mwezi wa saba, baba yangu mdogo alifika na mkokoteni jua linatua. Nilichoma bambo, nikatafuna punje, haikupasuka. Nilijua kabisa. Nikaona haya kumrudisha mzee na giza lile. Yalikuwa magunia 9. Kufika Oktoba yalishika joto, yakaota ukungu, na yaliyopakana nayo vilevile. Tulifukia 14. Wale wenye magunia 5 mnawajua, hawana kosa, na bado hawajalipwa. Nimeiomba kamati inikate posho mpaka deni liishe.

Wapo waliosema tungewapa kuku. Hapana. Ukungu huo unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa ajili yake huko Dodoma na Manyara.

Zamani NMC iliponunua mahindi yetu ya Iringa na Mbeya, gunia likishapakiwa tulihesabu limekwisha kuwa la serikali. Siku hizi ukipeleka Makambako kwa NFRA, au kwa mfanyabiashara wa Tunduma, bambo linaingia kwanza. Likitoa ubovu, lori linageuka na nauli ni yetu.

Sasa wachukuzi. Hawa hatuwataji hata siku moja, isipokuwa gunia likipasuka. Wao ndio wanaopanga juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi mtu apite kuangalia dumuzi na panya. Akipanga vibaya, sakafu inanyonyesha maji gunia la chini na karani haoni. Tena mnawabebesha lumbesa! Sheria ya vipimo inaikataza, na mgongo wa kijana wa watu unaikataza zaidi.

Mlinzi naye asilale ndani tukiweka vidonge vya dawa. Moshi wake unaua mtu kama unavyoua dumuzi. Ghala likifungwa limefungwa, hata kama umesahau shazia yako ndani.

Jumamosi saa 2 asubuhi tunapima upya rundo lote. Bwana shamba ataleta kipima unyevu. Kila mwenye stakabadhi aje nayo. Kufuli zitakuwa 2: ufunguo mmoja kwangu, mwingine kwa mwanachama mtakayemchagua siku hiyo, ila asiwe wa ukoo wangu.