Mto Mmoja, Nchi Mbili



Sisi wa Bukima hatukai ukingoni mwa mto Mara, bali twanywa maji ya Ziwa Viktoria, ambamo mto huo humwagika karibu na Musoma. Chanzo chake ni msitu wa Mau nchini Kenya, na mwendo wake ni kilomita 395 hivi. Akataye mti huko Mau hatufahamu, wala sisi hatumfahamu. Hata hivyo tope lake hutufikia.

Mwaka 2015 Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya kusimamia bonde hilo kwa pamoja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao Kisumu, huwakutanisha wadau. Twashukuru. Lakini Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Saini hazisafishi maji. Isitoshe, mipango ya bonde imetegemea mno fedha za wafadhili. Mradi ukiisha, aghalabu vikao navyo hukoma.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumiaji maji. Basi tuulize katika mkutano wa kijiji: nani anatusemea huko bondeni? Katika ada za maji zinazokusanywa, kiasi gani hurudi kulinda vyanzo? Na mwakilishi arudipo kutoka kikaoni, atoe taarifa hadharani, akina mama wachotao maji wakiwepo, maana wao huyaona yakibadilika kabla ya mtaalamu yeyote.