RASIMU SI HUKUMU: TULIYOYASEMA KWENYE KIKAO CHA TAWI



Tabora ni njia panda tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Hapa uvumi hufika kabla ya mzigo. Mei 2022 rasimu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilivuja. Uchunguzi haukumpata aliyeivujisha, shaka ikabaki.

Sisi tunaikumbuka Igunga. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge, baadaye Mahakama ya Rufani ikaurudisha. Yote yalisomwa hadharani.

Anayevujisha rasimu anambana jaji ambaye bado anapima. Ikiingia kwenye kundi letu tusiisambaze, hata ikitupendelea. Tusubiri hukumu isomwe. Tusiporidhika, tukate rufaa.

Uongozi wa Tawi