Taa ya Urujuanimno na Zizi la Nyegezi



Mfugaji wa Nyegezi, kando ya Ghuba ya Mwanza, aanikapo juani vyombo vya kunyweshea kuku, hutumia jambo ambalo Downes na Blunt wa Uingereza walilieleza mwaka 1877: mwanga wa jua huua bakteria. Sehemu iuayo zaidi ni ile isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, ambayo huharibu vinasaba vya kijidudu hata kisiweze kuzaana. Zipo taa za zebaki zitoazo mionzi ya aina hiyo, mikali kuliko ile ya jua ifikayo ardhini, nazo husafisha maji na hewa.

Siku hizi taa hizo zinasifiwa kuwa ni dawa ya mazizi pia. Sifa hiyo yafaa ipimwe kabla fedha ya ushirika au ya halmashauri haijatolewa. Mwanga hauui kilicho kivulini. Kijidudu kilichofunikwa na tabaka jembamba la kinyesi huishi hata kama taa itawaka usiku kucha. Basi ufagio na maji hutangulia, la sivyo taa ni pambo tu. Tena mionzi hiyo hudhuru macho na ngozi ya mtu na ya mnyama. Wala haichukui nafasi ya chanjo ya kideri. Mahali pake hasa ni chumba kitupu cha kutotoleshea vifaranga, na maji ya kunywesha yaliyokwisha kuchujwa.

Ama kuhusu gesi ya metheni, Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, kilitangaza mwaka 2023 chombo kinachotia klorini katika hewa na kuimulika kwa urujuanimno, ili klorini iivunje metheni. Maabarani asilimia 58 ya metheni iliondolewa. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini chombo hicho chataka hewa ikusanywe na kupitishwa ndani yake, jambo liwezekanalo katika zizi lenye kuta na feni. Zizi la nguzo na paa hupitiwa na upepo wa ziwa upendavyo.

Kinachokusanyika humo ni samadi. Mvua ikinyesha hutelemka ziwani, na ni ziwa hilo hilo ambalo mtambo wa Butimba, jirani wa Nyegezi, huchota maji ya wananchi. Mitambo ya gesi ya samadi, ambayo CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiieneza tangu miaka ya 1980, huinasa metheni hiyo ikachomwa jikoni. Ni kweli kwamba mtambo hauigusi metheni iliyo nyingi zaidi, ile itokayo kinywani mwa ng'ombe acheuapo; hiyo hupungua kwa kila lita ya maziwa ng'ombe alishwapo majani bora.

Pasipo mtambo, samadi irundikwe mbali na mfereji, ifunikwe na kugeuzwa mara kwa mara. Joto la rundo lenyewe, lipitapo nyuzi 55 kwa siku kadhaa, huua vijidudu vingi ambavyo mwanga hauwezi kuvifikia.